Vijana wa Lubumbashi mnaotaka kuingia jeshi, someni huku kabla ya kupanga mstari

Sajenti_wa_Katuba

Yambo yenu wote.

Siku hizi kila kijana anayekuja kununua inite za simu kwenye meza yangu hapa Katuba ana swali moja la pushapu: "Papa, wanaomba pompe ngapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamwonyesha simu asome, na inite atanunua vilevile.

Niliingia jeshi Agosti 1998, vita vya pili vilipoanza. Nilikuwa na miaka 19. Wakati ule jeshi la Kongo liliitwa FAC. Mwaka 2003 likawa FARDC, wakatuchanganya na watu tuliokuwa tunapigana nao. Huko Kamina nililala hema moja na jamaa mmoja, tukapiga hesabu pamoja tukakuta mwaka 2000 tulikuwa kwenye mto uleule, yeye ng'ambo ile, mimi hii. Mpaka leo ananitumia salamu. Nilitoka na cheo cha sajenti wa kwanza na goti moja bovu. Wakanali watawaambia ya juu, mimi nasema yale yanayoonekana ukiwa chini.

Pompe, sawa, fanya. Lakini nimeona vijana wenye kifua kama mlango wakilia wiki ya pili, na wembamba kama fito wakimaliza mafunzo. Kinachovunja watu kule ni usingizi mfupi, chakula kidogo, na kutukaniwa mama yako na mtu mnayelingana umri huku wewe unajibu "ndiyo, chefu". Mwenye kujibu kwa mkono abaki nyumbani. Kama unataka kujitayarisha kweli, kimbia: alfajiri, polepole, dakika 40 au 50 bila kusimama, siku nne kwa juma. Na usijivunie pumzi uliyoipata mwezi wa sita au wa saba, baridi ya Lubumbashi inadanganya. Ukipelekwa Kitona, kule karibu na bahari, ni joto, unyevu na mbu. Pumzi yote unaiacha kwenye ngazi ya ndege.

Maana huchagui pa kwenda. Mtu anajiandikisha hapa akijiambia atafunzwa Kamina, treni inafika, mama ataleta unga. Siku majina yanasomwa anasikia Kitona: zaidi ya kilomita 1,700 kwa ndege. Au Kotakoli, kule Nord-Ubangi. Ukijikuta unasema "nitaingia, ila wanibakishe Katanga", basi hujataka kuingia.

Jifunzeni Lingala. Naona mnacheka. Jeshi la nchi hii linaongea Lingala tangu wakati wa Force Publique ya Wabelgiji. Amri za gwaride ni Kifaransa, lakini matusi, utani, na "lala chini!" ya usiku ni Lingala. Kijana wa Kiswahili tupu anachekwa wiki mbili, hilo si kitu. Ubaya ni siku anayochelewa kuelewa.

Kuandikishwa ni bure. Sijui niliandike kwa herufi gani mlione. Mtu akikuomba matabishi, yaani hongo, ili jina lako "lipande", ama ni mwizi asiye na uhusiano wowote na jeshi, ama ni mwanajeshi mwizi, na kwa vyote viwili feza yako haitarudi. Shemeji yangu mdogo aliuza baiskeli na mbuzi wawili, akampa bwana mmoja mwenye koti la kijani dola 50 za "fomu" na nyingine 50 za "daktari". Koti la kijani! Sokoni mtu anapata hata beri.

Halafu kuna wanaochanganya jeshi na Kanyama-Kasese. Kule ni Servisi Nasionali: wanalima, wanajenga, wanafunzwa ufundi, na ndiko wanakopelekwa wale kuluna, vijana wa magenge ya Kinshasa. Mahindi yao yamekwisha kuuzwa hapa mjini. Kuna nidhamu ya kijeshi, lakini ukitoka pale wewe si askari wa FARDC. Uliza vizuri kabla ya kupanda lori.

Sasa karatasi. Hapa ndipo nilitaka kufika, na ndipo hamuniulizagi. Kadi ya uchaguzi, cheti cha kuzaliwa, cheti cha makazi na cha tabia njema kutoka komine (ofisi ya serikali ya mtaa), diploma kama unayo. Jina liwe moja kwenye zote, herufi kwa herufi. Tarehe iwe moja. Piga kopi tatu: moja unaibeba, moja inabaki kwa mama, moja kwa mtu asiye wa nyumba ile, maana nyumba huungua na hufurika. Na fomu watakayokupa siku ya kwanza, jibu kweli kila mstari. Kila mstari! Yale utakayoandika pale ukiwa na njaa na haraka, ndiyo serikali itakuwa inayaamini miaka 20.

La mwisho: simu watachukua. Shika namba mbili kichwani. Nimeona kijana amemaliza mafunzo miezi sita, anapewa simu ya mtu dakika tano, hakumbuki namba ya hata mmoja. Kwao walikuwa wamekwisha kuweka kilio.

Leteni maswali. Nitajibu jioni, mchana nauza.

Kijana_wa_Ruashi

Jambo Papa Sajenti, aksanti sana. Miye niko na miaka 19, diploma ya Leta ya sekondari niko nayo, 54%. Nilikuwa nachimba mawe upande wa Likasi mwaka mzima, nikaona wenzangu wawili shimo inawafunika, nikarudi.

Shida yangu ni ile ya tarehe. Cheti cha kuzaliwa kinasema 2006. Kadi ya uchaguzi inasema 2004, juu wakati wa kuandikisha mwaka 2023 nilitaka kadi haraka nipate kazi, nikaongeza miaka. Jeshi wataona?

Na pompe ni ngapi? 😂

Sajenti_wa_Katuba

Pompe 30 safi ni bora kuliko 60 za kutikisa matako. Sasa niache.

Mwanangu, tarehe mbili ni watu wawili. Jeshi limeteseka miaka mingi na askari hewa, majina yanayokula mshahara bila mwili. Zamani feza ilikuwa inapita mkononi mwa kamanda, askari anapata kilichobaki mfukoni mwa mkubwa. Tangu 2005 Umoja wa Ulaya ulileta watu wao wa EUSEC kusaidia. Walituhesabu mmoja mmoja, alama za vidole, picha, kadi, na njia ya feza ikatenganishwa na njia ya amri. Baadaye mshahara ukaanza kupita benki. Ni vizuri. Lakini mashine haina huruma: jina langu lilikuwa na "L" moja kwenye karatasi moja na mbili kwenye nyingine, nikakaa miezi minane ninakopa unga kwa wenzangu. Herufi moja! Wewe una miaka miwili mizima.

Sahihisha kabla hujaenda. Usifikiri "nitarekebisha nikiwa ndani". Ndani huna siku ya kwenda komine.

Mwalimu_Kamina_Kenya

(Kenya ya hapa Lubumbashi, jamani, si ile ya Nairobi.)

Naongeza ya sheria kidogo kwa sababu nimefundisha uraia miaka mingi. Kijana, fuata cheti, si kadi. Kadi imetengenezwa kwa maneno yako, cheti kimetengenezwa siku ulipozaliwa. Ukiongeza miaka ili uonekane mkubwa, unaingia jeshini na uwongo wenye saini yako.

Na kwa wale wa chini ya miaka 18: hapana. Hapana kabisa. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inakataza, na serikali ilitia saini na Umoja wa Mataifa mwaka 2012 mpango wa kuwatoa watoto jeshini. Mwaka huohuo Thomas Lubanga wa Ituri alihukumiwa miaka 14 na mahakama ya kimataifa huko La Haye kwa sababu ya kutia watoto wa chini ya miaka 15 kwenye vita. Sisi wa Lubumbashi tusisahau: Aprili 1997 waasi wa AFDL walipoingia mji huu, tuliwaona kadogo, askari watoto, wanaburuta bunduki chini kwa sababu mkanda ulikuwa mrefu kuliko wao. Tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Jingine: Katiba, kifungu cha 189, inasema watu wa jeshi wachaguliwe kwa nguvu za mwili, elimu ya kutosha, tabia iliyothibitika, na mikoa yote iwemo kwa haki. Kwa hiyo mtu asikuambie "hii ni ya watu wa mkoa fulani". Kama inatendeka vingine, ni kwa kuvunja Katiba, si kwa kuifuata.

Kasapa_Boy

Mnawatayarisha vijana waende kufa bure. Mshahara wa mwezi ni pombe ya wikendi moja. Miye naona kama mtu hana kazi, aingie, apate mafunzo, apate botini, akiona moto anatoroka anarudi kwao. Nani atamfuata Ruashi?

Sajenti_wa_Katuba

Mshahara ni mdogo, sikatai. Machi 2025 Rais alitangaza kwamba utaongezwa mara mbili, na mara mbili ya kidogo kila mtu ajipigie hesabu. Mtu asiingie akifikiri atajenga. Mimi nilijenga chumba kimoja na nusu, na ile nusu ni ya mke wangu aliyekuwa anauza chikwange.

Kwa hayo ya kutoroka, Mwalimu akujibu, mimi nitakasirika.

Mwalimu_Kamina_Kenya

Kasapa_Boy, ukivaa ile nguo unatoka mikononi mwa mahakama unazozijua. Kuna kanuni mbili za 18 Novemba 2002, moja ya mahakama za kijeshi na moja ya adhabu za kijeshi. Kutoroka ni kosa kwa jina lake. Kutoroka mbele ya adui ni jambo jingine kabisa, adhabu yake inafika kifo. Na usiseme "haitekelezwagi": tangu 2003 serikali ilikuwa imesimamisha utekelezaji, Machi 2024 ikaondoa kizuizi hicho. Julai 2024 mahakama ya kijeshi upande wa Lubero, Kivu ya Kaskazini, iliwahukumu kifo askari 25 kwa siku moja, kwa kukimbia adui na mengine. Wengine walikuwa vijana kama wewe.

Mimi adhabu hiyo siipendi, nasema wazi. Lakini nani ataenda kumwambia mama yako kwamba ulidhani Ruashi ni mbali?

Kasapa_Boy

Sawa Mwalimu, sikujua ya 2024. Ya mshahara narudilia lakini.

Muganga_Kampemba

Naomba nafasi kidogo. Mimi ni mwuguzi, nimewahi kusaidia kupima vijana wa aina hii.

Usiende kupimwa kwa mara ya kwanza maishani mbele ya jeshi. Nenda kwenye kituo cha afya cha karibu mwezi mmoja kabla. Macho, presha, mkojo, kifua, na ngiri. Ngiri nyingi vijana wanazificha kwa aibu, wanafunga kitambaa, halafu mwezi wa pili wa kubeba mizigo utumbo unajinyonga. Ni upasuaji mdogo ukifanywa mapema. Waliochimba, kama Kijana wa hapo juu: kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kipimwe kifua kikuu, na vumbi la mashimo lisemwe wazi.

Wenye SS, ule ugonjwa wa damu wa selimundu, tafadhali, msijaribu. Najua mko wengi mnaojisikia vizuri miezi mitatu minne, mnasema "imepita". Haipiti. Kukimbia kwenye joto bila maji ya kutosha kunaleta kriz ya maumivu, na kriz kule msituni hakuna wa kukutia seramu. Na wasiojua kama wana SS wapime, ni damu kidogo tu.

Lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, acheni wiki nyingi kabla. Sisemi kwa sababu ya dini.

Dada_Botini

Yambo. Naandika kwa wasichana kwa sababu uzi wote umejaa kaka.

Mimi ni askari, sitasema wapi. Wanawake wanakubaliwa, si wa jikoni tu, tuko kwenye mawasiliano, udaktari, utawala, na wengine mstari wa mbele. Mafunzo ni yaleyale, kamba ileile, mto uleule. Nywele zitakatwa, kwa hiyo usisuke za feza kubwa juma lile. Beba pamba au vitambaa vya miezi mitatu, kule hakuna duka na hakuna wa kumwuliza. Beba sindano na uzi, viatu vya plastiki, sabuni ya kipande. Soksi za pamba, jozi nne. Botini ya siku tatu za kwanza inachuna ngozi mpaka unaona nyama, na mwenye soksi nzuri anakuwa na marafiki wengi.

Neno gumu: ukiitwa usiku kwenda kwa mkubwa "kufagia" au "kupeleka ripoti", usiende peke yako. Mchukue mwenzako, hata akikutukana. Sisi tulikuwa tisa kwenye kundi letu, tulikubaliana siku ya kwanza: akiitwa mmoja tunaenda watatu. Tulipigwa pompe kwa ajili hiyo zaidi ya mara moja. Pompe zinapita.

Na usiseme huna mimba kama hujui. Wanapima.

Licencié_wa_Unilu

Swali kwa Sajenti: mimi nina digrii ya uchumi, nimekaa miaka mitatu bila kazi. Naweza kuingia moja kwa moja kama ofisa?

Sajenti_wa_Katuba

Kuna Akademia ya kijeshi ya Kananga, ndiko wanakofunzwa maofisa. Kunaingiwa kwa mtihani na masharti ya umri na diploma, na tangazo lake ni lake, tofauti na la askari wa kawaida. Usikubali kuandikishwa kama askari wa daraja la pili kwa ahadi ya mdomo kwamba "tukifika kule digrii yako itaonekana". Nimekuwa na kaporali aliyekuwa na digrii ya sosholojia. Alikuwa anatuandikia barua za mapenzi, analipwa sigara.

Mtoto_wa_Goma

Nimesoma uzi wote kimya. Mimi nimekimbilia hapa Lubumbashi mwaka 2025 baada ya Goma kuchukuliwa, naishi kwa mjomba.

Novemba 2022, Rais alipoita vijana tarehe 3, nilikuwa kwenye ule mstari wa Goma. Tulikuwa maelfu. Tulikuja na nyimbo na bendera, wengine wamejichora uso. Nilikuwa na hasira ya kweli: waasi wa M23 walikuwa Rutshuru, bibi yangu alikuwa amelala kwenye turubai Kanyaruchinya. Kwa hiyo sitamcheka yeyote anayetaka kwenda.

Lakini sikilizeni. Marafiki zangu watatu walioandikishwa wakapandishwa ndege kwenda mafunzo, leo wana namba na cheo. Wengine waliona mstari ni mrefu, wakaingia Wazalendo, wale wanamgambo wanaopigana na M23, kwa sababu huko unapewa bunduki wiki ileile. Mwaka 2023 ilipita sheria ya akiba ya ulinzi ambayo wengi walidhani itawafanya kuwa askari kamili. Mmoja wao amepoteza mkono. Anauliza nani atamlipa, na kila mlango anaogonga wanamwuliza namba. Hana namba. Kuna karatasi tu yenye muhuri wa kamanda ambaye hata hayupo tena.

Hasira yangu bado ninayo. Nitapanga mstari tena hapa, kwa mlango wa mbele. Papa Sajenti, ya kopi tatu nimeshika. Zangu zote zilibaki Goma, naanza upya.

Sajenti_wa_Katuba

Mwanangu, pole na nyumbani. Anza na cheti cha kupoteza karatasi. Beba mjomba awe shahidi.

Na kwa kuwa umetaja mistari mirefu: Novemba 2023 ng'ambo ya mto, Brazzaville, vijana zaidi ya 30 walikufa kwa kukanyagana kwenye uwanja wa Michel d'Ornano, walikuja kujiandikisha jeshini. Hawakuona hata adui. Ukifika ukakuta watu wanasukuma geti, kaa pembeni, kaa chini, kula karanga zako. Nafasi ya jeshi haijawahi kuisha saa kumi na mbili asubuhi.

Mama_Bupe

Sijawahi kuandika humu, mwanangu ndiye ananionyesha.

Papa Sajenti, pale ulipoandika fomu ya siku ya kwanza, nilisimamisha kupika. Naomba nieleze, isiwe kwa kumlaumu marehemu.

Mume wangu aliingia jeshi tukiwa tayari pamoja. Mahari ilitolewa, nyumbani kwetu walikula mbuzi, mchungaji alituombea. Komine hatukwenda. Tulisema tutaenda tukipata feza ya nguo. Siku ya kuandikishwa mtu mmoja kwenye mstari alimwambia "sema huna mke, wenye wake wanarudishwa". Sijui kama ilikuwa kweli. Akaandika: hana mke, hana mtoto. Na mimi nilikuwa na mimba ya miezi mitano.

Alitumika miaka kumi na moja. Akirudi likizo namwambia, baba, nenda ubadilishe ile karatasi. Anasema, nitabadilisha nikirudi kikosini. Kikosini anasema, nitabadilisha nikipata ruhusa. Hakuwa mtu mbaya. Feza alikuwa anatuma, hata kidogo. Ila ni karatasi, nani anawaza karatasi mtu akiwa mzima? Alikufa Kivu. Mwenzake ndiye alinipigia simu.

Nilipokwenda kuuliza haki zake, wakafungua dosye, faili lake. Bwana aliyekuwa pale hakuwa na ukali, aligeuza kurasa polepole, akanisomea: "Mama, huyu hakuwa na mke." Nilimwonyesha picha. Nilimwonyesha watoto, wanne, mmoja ana uso wake kama umepigwa kopi. Akasema, mama, mimi naona, lakini dosye haioni.

Nilihangaika miaka mitatu. Watoto nilipata hukumu ya mahakama wakatambuliwa, hao wameandikwa. Mimi mpaka leo ninaitwa "mama ya watoto". Kaka yake mkubwa ndiye aliyeandikwa mahali pa "mtu wa kuarifiwa", na feza ya kwanza ilipita kwake. Hayo ni ya familia, sisemi zaidi.

Wasichana mnaochumbiwa na hawa vijana, msikubali kilio cha machozi pale uwanja wa ndege wa Luano bila karatasi. Nendeni komine kwanza, hata na nguo za kazi.

Dada_Botini

Pole sana mama. Nimesoma mara mbili.

Ni kweli kabisa. Na wale walio ndani tayari wanaosoma: hali ikibadilika, ndoa, mtoto, kifo cha mzazi, peleka karatasi kwa wa utawala wa kikosi chako na udai kopi yenye muhuri. Usimpe kamanda wa kikosi kwa mdomo. Kamanda anahamishwa, karatasi inabaki.

Kasapa_Boy

Mama Bupe, pole. Miye nanyamaza leo.

Kijana_wa_Ruashi

Mama, kuna kitu sikusema pale juu. Niko na mtoto. Miezi saba. Mama yake anakaa kwao Kigoma, ile ya hapa. Hatujalipa kwao bado, na miye nilikuwa nafikiri kuandika kwa fomu kama sina mtu, juu rafiki yangu aliniambia vilevile kama vile walimwambia bwana yako. Maneno yaleyale.

Mama_Bupe

Mtoto ameandikishwa komine?

Kijana_wa_Ruashi

Hapana mama. Ametolewa hospitali na karatasi yao tu.

Mwalimu_Kamina_Kenya

Siku 90 zimepita, kwa hiyo komine peke yake hawatamwandika, mtapita mahakama ya watoto mpate hukumu ya kujazia, halafu mnarudi komine. Si mwisho wa dunia, inachukua majuma. Ile karatasi ya hospitali usiikunje tena, itieni kwenye plastiki. Na ukiwa mahakamani uliza pia habari ya tarehe yako ya 2004, umalize safari mbili kwa nauli moja.

Sajenti_wa_Katuba

Kijana, pompe zako umesimamisha?

Kijana_wa_Ruashi

Nimefika 35, Papa. Ila kwanza nitaenda kwa wazazi wa msichana Jumamosi, naogopa kuliko jeshi.

Mama_Bupe

Nenda na mjomba, usiende na marafiki. Jumatatu mfike mahakamani saa mbili asubuhi, wewe na mama ya mtoto, pamoja na mtoto mwenyewe. Na upige shati pasi.